Paspoti ya Liberland haikufikishi Ujerumani

Mwezi huu pekee nimeulizwa mara tatu. Mteja anakaa, anafungua simu, ananionyesha cheti chenye bendera ya njano yenye mstari mweusi katikati. Kisha swali: "Wakili, hii si nchi ya Ulaya? Nikipata uraia wao, Ujerumani si naingia bila viza?"

Huingii.

Tuanze na hiyo nchi yenyewe. Liberland ilitangazwa tarehe 13 Aprili 2015 na Vít Jedlička, mwanasiasa wa Ucheki aliyetokea Svobodní, chama cha soko huria na serikali ndogo. Eneo linaitwa Gornja Siga, pori la kilomita za mraba 7 hivi, ukingo wa magharibi wa mto Danubi, katikati ya Kroatia na Serbia. Mawakala wanaouza uraia huo wanapenda kusema ni ardhi isiyo na mwenyewe. Si hivyo. Yugoslavia ilipovunjika, majirani hawa wawili hawakukubaliana mpaka upite wapi. Serbia inasema mpaka ni mto. Kroatia inafuata mipaka ya zamani ya viwanja, ya kabla mto haujahama. Kwa hesabu ya Kroatia, Gornja Siga iko Serbia. Kwa hesabu ya Serbia, iko Kroatia. Na Kroatia ikisema tu "hii yetu", inajiharibia dai lake la maeneo makubwa zaidi ng'ambo ya mto. Ndiyo maana pori limebaki likining'inia kwenye makaratasi.

Ardhini halining'inii. Polisi wa Kroatia wanalilinda, wamekamata watu walioingia, na Septemba 2023 walikwenda kuvunja vibanda vya walowezi. Kwa hiyo mwenye "uraia" wa Liberland akitaka kuiona nchi yake, lazima kwanza apate ruhusa ya Kroatia au ya Serbia. Hapo ndipo wateja wangu hunyamaza kidogo.

Halafu wanarudi na hoja ya pili: "Lakini paspoti wanatoa." Hata wewe ukienda duka la kuchapisha utachapishiwa. Paspoti ni barua ya utambulisho, na thamani yake anaitia anayeipokea. Hakuna mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa anayeitambua Liberland. Hufiki hata kwa afisa wa uhamiaji. Utakwama kaunta ya shirika la ndege, kwa sababu shirika likibeba abiria asiye na hati halali linatozwa faini na kumrudisha kwa gharama zake. Umoja wa Ulaya una orodha kabisa ya paspoti za kubuni zisizogongwa viza, na ya Sealand, ile ngome ya zamani ya vita iliyosimama baharini karibu na Uingereza na kujiita nchi, imo. Misri iliona mapema: mwaka 2015 Wizara yao ya Mambo ya Nje iliwaonya wananchi wasidanganyike na habari za Liberland.

Kijana mmoja alinijia na Mkataba wa Montevideo wa 1933, unaoeleza sifa za dola, ameuchapisha, kapiga mstari mahali panaposema kuwapo kwa dola hakutegemei kutambuliwa na wengine. Vizuri. Sasa rudi kifungu cha 1: wakazi wa kudumu, eneo, serikali, uwezo wa kuhusiana na mataifa mengine. Wakazi wa kudumu wako wapi, kama polisi wa jirani wanawaondoa?

Mengine nitayapitia haraka.

"Mbona Monaco ni ndogo zaidi?" Ni ndogo kweli, kilomita za mraba 2 tu. Ila Monaco ni nchi ndogo inayotambuliwa na wengine, na Liberland ni kijitaifa cha kujitangazia. Ukubwa hauhusiki.

"Waliberali wanapokea kila mtu." Hapo mnachanganya na uliberali wa Marekani. Huu wa Jedlička ni wa mali binafsi isiyoguswa, kodi ya hiari na serikali iliyofungwa mikono. Uraia wenyewe unahitaji meriti 5,000, yaani pointi zao za kidijitali, za kujitolea kazi au za kulipia, na masharti ya awali yaliwakataa wenye historia ya ukomunisti. Babu yangu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi enzi za Ujamaa, sijui angejieleza vipi. Hata kura zao zinapigwa kwa blokicheni, daftari la kidijitali la pamoja, na mwenye meriti nyingi kura yake ina uzito zaidi. Oktoba 2024 waziri mkuu akawa Justin Sun, tajiri wa sarafu za kidijitali.

"Nikiwa raia wao silipi kodi hapa." Kamuulize marehemu Leonard Casley. Mwaka 1970 aligombana na serikali ya jimbo la Australia Magharibi juu ya kiwango cha ngano alichoruhusiwa kuuza, akalitangaza shamba lake, Hutt River, kuwa nchi. Mwaka 2017 mahakama iliiamuru familia ilipe kodi ya karibu dola milioni 3 za Australia, na 2020 "nchi" ikafungwa.

Kabla hujamlipa wakala yeyote, piga simu Wizara ya Mambo ya Nje uulize ubalozi wa nchi hiyo uko mtaa gani. Ni simu moja tu, na nashangaa jinsi watu wasivyotaka kuipiga. Na kama umeshalipa, usifute chochote: niletee risiti, namba ya muamala na mazungumzo yote ya WhatsApp, hata yale unayoyaonea aibu.