Nadhiri ya mama haimfungi mtoto

Kuanzia Bukumbi hadi Ukerewe, kandokando ya Ziwa Victoria, bado husemwa kwamba mama akimwekea mtoto nadhiri, huyo sharti awe padre au sista, asipokwenda laana itamfuata. Si kweli. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1193, inasema nadhiri humfunga aliyeiweka tu. Kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu kupokea daraja takatifu, kama vile upadre.

Nguvu ya familia ipo, tena kubwa, ila hupita kwingine: rozari inayosaliwa pamoja kabla baba hajabeba taa kwenda kuvua dagaa, jumuiya ndogondogo inapokutana sebuleni na mtoto akapewa somo alisome. Kijana akiacha seminari, tafadhali msimnunie. Miaka ya malezi imewekwa ili naye apime kama kweli ana wito.