Mionzi haimalizi AVM ya ubongo kwa siku moja

Wengi huamini kwamba mtu mwenye fundo la mishipa ya damu ubongoni akishapigwa mionzi, fundo huungua papo hapo naye hutoka hospitalini amepona. Sivyo.

Katika fundo hilo, liitwalo AVM, damu ya ateri, mishipa itoayo damu moyoni, huingia moja kwa moja kwenye vena, mishipa irudishayo damu moyoni, bila kupitia kapilari, vijishipa vyembamba vilivyo kati yake. Kuta za vena hazikuumbwa kwa shinikizo kubwa la damu ya ateri, hivyo zinaweza kupasuka. Mashine ya Gamma Knife, iliyobuniwa na Lars Leksell na wenzake nchini Uswidi miaka ya 1960, huelekeza miale ya gama karibu 200 kutoka kwenye kobalti-60, metali inayotoa mionzi, hadi nukta moja. Kila mwale peke yake ni hafifu. Nguvu iko pale inapokutana. Fuvu halifunguliwi, na mara nyingi mgonjwa hulala kwake usiku huohuo.

Lakini kazi ndiyo kwanza imeanza. Mionzi hujeruhi seli za utando wa ndani wa mishipa. Ukuta hunenepa polepole, njia ya damu husinyaa, mwishowe huziba. Hilo huchukua miaka 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi, na mafundo madogo, yasiyozidi sentimita 3, ndiyo huitikia vizuri zaidi. Muda wote huo damu bado inaweza kuvuja, jambo ambalo naona wagonjwa hawaambiwi kwa mkazo unaostahili. Kwa sababu hiyo huitwa tena kupigwa picha za ubongo za MRI, kisha angiografia, yaani picha ya eksirei ya mishipa ya damu, huthibitisha kama fundo limeziba. Likibaki, mionzi inaweza kurudiwa.