Hakuna mche wa chai ya kijani

Wanaotaka kuanza kulima chai huniuliza mara kwa mara miche ya chai ya kijani inapatikana wapi. Haipo. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ya ulongi zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Zinaachana baada ya jani kuchumwa.

Mmea wenyewe una aina kuu mbili. Sinensis, yenye asili ya China, ina majani madogo na huvumilia baridi. Assamica, iliyopewa jina la Assam nchini India, ina majani mapana na hupenda joto na mvua nyingi. Usipoipogoa inakuwa mti wa zaidi ya mita 10. Aina yoyote inaweza kutoa chai yoyote, ila assamica inasifika kwa chai nyeusi nzito.

Jani likipondwa, vimeng'enya vyake, yaani kemikali asilia zinazoharakisha mabadiliko ndani ya jani, hukutana na oksijeni na rangi hugeuka kahawia, kama tufaha lililomenywa. Kwenye chai nyeusi hilo ndilo tunalolitaka: jani hunyaushwa kwa saa nyingi, husokotwa au kusagwa, huachwa libadilike, ndipo hukaushwa. Kwenye chai ya kijani tunaliwahi jani kwa moto ili vimeng'enya vife. Wajapani hutumia zaidi mvuke, Wachina karai la moto. Ulongi husimamishwa katikati ya safari hiyo, na nyeupe hunyaushwa na kukaushwa tu. Pu'er, chai ya mkoa wa Yunnan nchini China, ni habari nyingine, kwa sababu huko vijidudu huendelea kulibadilisha jani, wakati mwingine kwa miaka.

Lakini hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza chai nzuri kwa jani baya, na hapa ndipo wakulima wengi wanapopoteza fedha. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Litazame chipukizi hilo kwa karibu: limejikunja kama sindano na lina manyoya meupe membamba. Vunja kikonyo chini ya jani la pili. Kikikatika mara moja, kimefaa. Kikipinda na kuacha nyuzi, kimekomaa na kitaharibu chai. Ndiyo maana mchumaji hurudi kwenye kichaka kilekile kila baada ya siku 7 hadi 14. Na tafadhali, usishindilie majani kwenye gunia. Yakibanana hupata joto na kuanza kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani. Kwa chai ya kijani, mzigo huo umeshaharibika.

Mashamba mengi siku hizi hupandwa vipandikizi badala ya mbegu, ili michai yote ifanane na mmea mama. Kipandikizi ni kipande kifupi cha shina chenye jani moja na jicho lake. Huchomekwa kwenye kifuko cha udongo wenye asidi, chini ya kivuli, bila samadi, na jicho lisifukiwe. Kutoka hapo mkulima anahitaji subira: miezi kadhaa kitaluni, kisha miaka miwili au mitatu shambani kabla ya mavuno ya maana. Katika miaka hiyo mchai hukatwa mara kadhaa ili upanuke pembeni, uwe na uso bapa unaofikika kwa mikono.

Kitu cha kwanza kupima ni udongo. Chai hutaka pH (kipimo cha asidi) ya 4.5 hadi 5.5, mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka iliyosambaa vizuri, na ardhi isiyotuamisha maji. Mazao mengine hupewa chokaa ili kupunguza asidi, lakini mchai chokaa huudhoofisha. Jivu nalo hupunguza asidi, kwa hiyo hata mahali palipochomwa magogo na kubaki jivu jingi, miche hudumaa na majani yake huwa ya manjano. Ukiona shamba zuri lenye mabaka ya namna hiyo, usikimbilie kuongeza mbolea. Chimba hapo kwanza, pima pH ya baka lenyewe, na ulinganishe na ile ya udongo wa pembeni.