Je, wajua kwa nini kuuliza "pako wazi?" kuliziponza draiva (programu zinazoendesha vifaa) za zamani za mtandao?

Chukua kadi ya mtandao ya NE2000, ile ya kuchomeka kwenye ISA, nafasi za kadi za kompyuta za miaka ya 1990. Haikuwa na namna ya kujitambulisha kwa kompyuta. Anwani ya poti zake (milango ambayo programu huzungumza nayo), mara nyingi 0x300 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16), ilipangwa kwenye kadi yenyewe, na draiva ya Linux ilibaki kubahatisha: inabisha hodi 0x300, ikikosa inakwenda 0x280, kisha 0x320. Ikisoma 0xFF, yaani biti zote ni 1, inajua hapana kitu.

Kubahatisha huko kuna ubaya wake. Anwani hiyo ikiwa ya kifaa kingine, kuandika humo kwaweza kukivuruga, hata mashine nzima ikaganda. Ndiyo maana kerneli, kiini cha Linux, hutunza daftari la poti na waliozishika, nawe waweza kulisoma kwenye /proc/ioports. NE2000 huandikiwa poti 32, kuanzia 0x300 hadi 0x31f. Lakini daftari ni makubaliano tu. Draiva isiyojiandikisha hakuna kinachoizuia kugusa poti za mwenzake.

Sasa, draiva nyingi za zamani zilijiandikisha kwa mikupuo miwili. Kwanza check_region, wito wa kuiuliza kerneli: je, poti hizi ziko wazi? Jibu likiwa ndiyo, draiva inaanza kuipima kadi, inaomba kumbukumbu, na mwishoni kabisa ndipo inaita request_region ili iandikwe. Kwenye lile pengo la katikati, draiva nyingine ikiuliza swali lile lile, nayo inaambiwa ziko wazi. Hapo zote mbili zinaandika kwenye poti zile zile, kila moja ikiamini iko peke yake. Pengo hili haliihitaji hata prosesa ya pili: inatosha draiva ya kwanza ilale kidogo ikisubiri kumbukumbu.

Dawa yake ni kuacha kuuliza na kuomba moja kwa moja. request_region hutazama na kuandika kwa pamoja, daftari likiwa limefungwa kwa kufuli. Ikirudisha NULL, yaani jibu tupu, mwenzako amekutangulia. Ondoka bila kugusa chochote.

Ila kushika mapema kunaleta kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayowashinda wengi: kurudisha. Kadi haikujibu? Ita release_region, wito wa kuzirudisha poti, kabla ya kuhamia anwani inayofuata. Kumbukumbu imekosekana? Rudisha. Njia moja ya kutokea ikisahaulika, poti hubaki zimeshikwa na asiyekuwapo, na ukiipakia draiva upya unajibiwa -EBUSY (kosa la "pameshikwa") mpaka uwashe kompyuta upya. Tena daftari halinakili jina la mshikaji. Linaelekeza tu kwenye kumbukumbu ya moduli, yaani draiva iliyopakiwa ndani ya kerneli. Moduli ikishaondolewa, kusoma tu /proc/ioports kwaweza kuiangusha kerneli.