Vya Wafaransa Tunavyowanyima, na vya Wengine Tunavyowapa

Mfaransa ana bahati ya ajabu. Husifiwa kwa asichokifanya, na alichokifanya watu hukitumia kutwa kucha bila kumtaja. Anayeagiza krosanti hotelini hujiona kama yuko Paris, wakati fundi cherehani anayekuzungushia futikamba kiunoni hana habari kwamba zile sentimita zilianza na Wafaransa wawili waliokuwa wakipanda minara ya makanisa huku nchi yao ikiwaka moto wa mapinduzi. Nimekusanya hapa dhana chache ninazozisikia mara kwa mara, na nitaanza na ile inayopendwa kuliko zote.

Dhana: Napoleon alikuwa kibushuti.

Daktari aliyempima baada ya kufa kwake kisiwani St. Helena mwaka 1821 aliandika futi 5 na inchi 2 na ushee. Zilikuwa futi na inchi za Kifaransa. Inchi ya Ufaransa wakati ule ilikuwa karibu sentimita 2.7, ya Uingereza ni 2.54. Mwingereza akiisoma hesabu hiyo kwa inchi zake anapata mtu wa mita 1.57 hivi, kumbe marehemu alikuwa na mita 1.68, kimo cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa zama zile. Wachora vibonzo wa London, James Gillray akiwa mbele, walikwisha kumchora kama kitoto chenye hasira kilichovaa kofia kubwa, na picha zikashinda vipimo.

Dhana: Mita ni kipimo cha kubuni tu, na Wafaransa walikipokea kwa mikono miwili.

Hapa pana hadithi ndefu, na mimi naiona bora kuliko zote. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789 karibu kila mji wa Ufaransa ulikuwa na kipimo chake cha nguo, cha nafaka na cha divai. Jina lilikuwa moja, urefu au ujazo mbalimbali. Aliyenufaika ni mwenye shamba na mwenye soko, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kibaba. Mwaka 1791 Chuo cha Sayansi cha Paris kikaamua kwamba kipimo kipya kisitoke kwenye mguu wa mfalme wala mkono wa mtu yeyote. Kitoke kwenye dunia yenyewe: gawa safari ya kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta kwa 10,000,000, sehemu moja ndiyo mita.

Nani aende Ncha ya Kaskazini na futikamba? Hakuna. Wakatumwa wanafalaki wawili, mwaka 1792, wapime kipande tu cha mstari huo, kutoka Dunkerque upande wa kaskazini hadi Barcelona nchini Hispania, kisha hesabu imalizie iliyobaki. Jean-Baptiste Delambre akachukua kaskazini, Pierre Méchain akachukua kusini. Kazi ilikuwa kupanda mnara wa kanisa au kilele cha mlima, kupima pembe kati yako na minara mingine miwili, kushuka, kusafiri, kupanda tena. Fikiria hali ya nchi wakati ule: mfalme amepinduliwa, vita viko mpakani, na hapa kuna mtu yuko juu ya mnara na vioo na mitambo ya shaba, akichungulia mbali. Delambre alikamatwa na wanamgambo waliomdhania jasusi. Méchain mambo yalimwia magumu zaidi. Vipimo vyake viwili vya Barcelona vilipingana kidogo, akashindwa kujua kosa liko wapi, akaficha, na siri hiyo ikamtafuna miaka yote. Mwaka 1804 alikufa kwa homa nchini Hispania, alikokuwa amerudi kuendeleza kazi.

Kazi iliyotazamiwa kwisha haraka ilifika mwaka 1798. Mwaka uliofuata kikatengenezwa kipande cha platinamu kama mita rasmi, na mita hiyo ikawa fupi kuliko ilivyokusudiwa kwa kiasi cha milimita 0.2, kwa kuwa walikosea kukadiria dunia ilivyobonyea kwenye ncha zake. Hata hivyo ukitaka kujua kwa nini mzunguko wa dunia kupitia ncha zake ni karibu kabisa na kilomita 40,000, jibu ni hilo. Dunia ndiyo iliyokatwa vipande ikazaa kilomita.

Na Wafaransa wenyewe? Waliikataa. Wauzaji na wanunuzi waling'ang'ania vipimo vya babu zao, hata Napoleon mwaka 1812 akaruhusu majina ya zamani yarudi madukani. Mita ikawa lazima tena kuanzia Januari 1, 1840, yaani zaidi ya miaka 40 tangu ile platinamu. Nasi tusiwacheke: uhuru ulipita, vipimo vya Mwingereza vikaondolewa kwenye sheria, na bado fundi anakupima kiuno kwa inchi na kununua kitambaa kwa mita, kwa futikamba ileile moja.

Mapinduzi yalijaribu pia siku ya saa 10 na juma la siku 10. Ile saa haikudumu hata miaka miwili. Juma liliachwa mwaka 1802, na kalenda yenyewe ikafutwa mwisho wa mwaka 1805. Sioni ajabu juma hilo likachukiwa, maana mfanyakazi aliyezoea kupumzika siku ya saba aliambiwa asubiri ya kumi.

Dhana: Lita ni jina la bwana mmoja Mfaransa aliyeitwa Litre.

Bwana huyo hajapata kuzaliwa. Claude Émile Jean-Baptiste Litre alitungwa na Kenneth Woolner wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, akachapishwa kwenye jarida la walimu wa kemia, toleo la Aprili 1978. Ulikuwa utani wa Siku ya Wajinga. Kwa kawaida alama ya kipimo huandikwa kwa herufi kubwa pale tu kinapoitwa kwa jina la mtu, na wakati huo kulikuwa na mabishano kama lita iandikwe kwa L kubwa, kwa kuwa ile ndogo huchanganywa na tarakimu 1. Woolner akawapatia mtu. Wako waliomeza utani huo mzimamzima na kuurudia kama historia. Lita imetokana na *litron*, kipimo cha nafaka cha Ufaransa ya zamani.

Dhana: Chakula cha kopo kilibuniwa na jeshi, na Pasteur alianza na maziwa.

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinahusu jambo moja, kuzuia chakula kisioze, na mpangilio wake hupotoshwa.

Aliyetangulia si mwanajeshi wala mwanasayansi. Nicolas Appert alikuwa mtengeneza peremende. Tangu miaka ya 1790 alikuwa akijaza nyama, mboga na maziwa kwenye chupa za kioo, anaziba barabara, kisha anazichemsha ndani ya maji kwa saa kadhaa. Mwaka 1810 serikali ya Napoleon ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe mbinu yake kila mtu aisome. Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, Peter Durand alipata hataza ya kutumia vyombo vya bati. Kwa hiyo mbinu ni ya Mfaransa, kopo ni la Uingereza, na cha kufungulia kopo kilichelewa kupita kiasi: hataza ya Mmarekani Ezra Warner ni ya mwaka 1858. Katikati hapo, askari na mabaharia walifungua chakula chao kwa patasi na nyundo.

Appert alijua kwamba mbinu inafanya kazi, ila hakujua kwa nini. Sababu ilikuja na Louis Pasteur katika miaka ya 1860, na kilichomshughulisha Pasteur kilikuwa divai iliyokuwa ikichacha njiani kabla ya kumfikia mnunuzi. Akaona ukiipasha moto wa nyuzi 50 hadi 60 hivi, bila kuichemsha, vijidudu vinavyoiharibu vinakufa na ladha inabaki. Hataza yake ya mwaka 1865 ni ya divai. Aliyependekeza njia hiyo itumike kwenye maziwa ni Mjerumani, Franz von Soxhlet, mwaka 1886. Na kwa kuwa tuko hapohapo: maziwa yaliyopitia njia ya Pasteur hayajauliwa vijidudu vyote. Ndiyo maana pakiti yake huharibika ukiisahau mezani, tofauti na yale ya kukaa muda mrefu ambayo hupashwa joto kali zaidi, juu ya nyuzi 130, kwa sekunde chache.

Dhana: Majarini ni siagi ya mimea ya Waingereza.

Ilianzia Ufaransa, na ilianza na ng'ombe. Napoleon III, mtawala wa Ufaransa wakati ule, alitaka kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya siagi kwa jeshi na maskini, naye mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akakitoa mwaka 1869 kutokana na mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na maziwa. Haikumtajirisha. Hataza ilinunuliwa na Waholanzi, kina Jurgens, ambao biashara yao baadaye iliungana na nyingine hadi ikazaliwa Unilever, na mafuta ya mimea yakachukua nafasi ya mnyama hatua kwa hatua. Kopo la majarini lililoingia majikoni mwa Afrika Mashariki lilikuja kwa njia hiyo ndefu.

Dhana: Daktari Guillotin alibuni gilotini, mashine ya kukata vichwa, kisha ikamkata yeye mwenyewe.

Dhana hii hupendwa kwa sababu inafanana na methali, mchimba kisima kaingia mwenyewe. Joseph-Ignace Guillotin alikuwa mbunge aliyesimama mwaka 1789 na kudai usawa. Kabla ya hapo mwungwana alikatwa kwa upanga na mnyonge akanyongwa au kuvunjwavunjwa kwenye gurudumu, hivyo akataka wote wauawe kwa mashine moja, upesi, bila mateso. Ramani ya mashine ilitolewa na daktari mwingine, Antoine Louis, na aliyeiunda kwa mikono ni Tobias Schmidt, Mjerumani aliyekuwa fundi wa vinanda. Mashine za namna hiyo zilikwisha kutumika Scotland na kule Halifax, Uingereza, zamani kabla yao. Mtu wa kwanza kukatwa nayo Paris, Aprili 25, 1792, alikuwa mnyang'anyi. Guillotin alikufa kifo cha kawaida mwaka 1814. Kinachonishangaza mimi ni upande wa pili wa kalenda: Ufaransa iliitumia kwa mara ya mwisho Septemba 1977, huko Marseille.

Dhana: Krosanti ni ya Ufaransa tangu asili.

Ni mkate wa Austria uliohamia. August Zang wa Vienna alifungua duka la mikate mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, Wafaransa wakauiga, kisha wakaubadili kwa unga wa kukunjwa na siagi tabaka kwa tabaka. Mpaka leo mikate ya aina hiyo wenyewe huiita kwa jina la Vienna.

Dhana: Nukta nundu ni lugha ya wasioona, iliyobuniwa na mwalimu mwenye macho.

Ni maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Kiswahili kina nukta nundu zake, Kiarabu zake, muziki na hesabu pia. Aliyezibuni ni kijana asiyeona, Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi huko Coupvray. Akiwa na umri wa miaka mitatu alichezea kifaa chenye ncha kali cha karakana ya baba yake, kikamtoboa jicho, maambukizi yakalichukua na la pili. Akiwa na miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuupunguza mfumo wa Charles Barbier wa nukta 12 ukawa wa nukta 6, kiasi cha kuenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Shule yake ya Paris iliukubali rasmi mwaka 1854. Yeye alikwisha kufa, mwaka 1852.

Dhana: Kila neno la Kifaransa katika Kiswahili limepitia Kiingereza.

Mengi ndiyo. Bajeti, kwa mfano, kabla ya kufika Uingereza ilikuwa *bougette*, kimkoba cha ngozi, na mawaziri wetu wa fedha wanapopunga mkoba mbele ya kamera kila Juni wanalitendea haki neno bila kukusudia. Lakini divai haikupita London. Wanakamusi huiunganisha na *du vin*, na njia yake haihitaji kutafutwa mbali: mapadre wa Kifaransa walifika Zanzibar mwaka 1860 wakitokea Réunion, wakahamia Bagamoyo mwaka 1868, na misa haifanyiki bila divai. Mvinyo ni wa Wareno, nao ulitangulia.

Dhana: Kifaransa cha Kongo, Rwanda na Burundi kimetoka Ufaransa.

Kimetoka Ubelgiji, na ukitaka ushahidi uliza bei. Muuzaji wa Bukavu au Bujumbura anayechanganya Kiswahili na Kifaransa atakutajia 70 kama *septante* na 90 kama *nonante*, kama wasemavyo Brussels. Mtu wa Paris 70 kwake ni "sitini na kumi", na 90 ni "ishirini mara nne na kumi". Kwenye 80 wote hukutana, Mbelgiji, Mkongo na Mparisi, kwa "ishirini mara nne". Wanaotoka nje ya mstari ni baadhi ya Waswisi, ambao husema *huitante*.