Chupa moja ya damu "ili kidonda kisioze": naomba tuliongee hili

Jamani, hii imani kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga lazima aongezewe angalau chupa moja ya damu "apate nguvu, kidonda kikauke haraka" imenichosha. Ndugu wa wagonjwa wakiniambia hivyo siwalaumu, wamemuona mzee wao kapauka na wana haki ya kuogopa. Kinachoniudhi ni kuikuta kwenye faili, imeandikwa na mtu wa fani. HB (kipimo cha wingi wa damu, gramu kwa desilita) 8.8, siku ya pili baada ya kuwekewa nyonga bandia, mgonjwa amekaa kwenye kiti anapiga stori na jirani yake wa kitanda, presha nzuri, mapigo hayajapanda, hana kizunguzungu wala hahemi, alafu chini yake pameandikwa yuniti mbili, yani chupa mbili za damu. Sababu: kuzuia maambukizi.

Kuzuia! Damu ya mtu mwingine haizuii maambukizi ya kidonda. Ushahidi tulionao ama unasema haina msaada wowote kwenye hilo, ama unasema inaongeza hatari, na hakuna utafiti mzuri ninaoujua unaosema inapunguza.

Nimalize kwanza lile ambalo kila mtu analiwaza akisikia damu na maambukizi kwenye sentensi moja: Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende. Damu inapimwa, hatari iliyobaki ni ile ya mtoa damu aliyeambukizwa juzi juzi ambaye kipimo bado hakimshiki, na ni ndogo sana pale upimaji unapofanywa vizuri. Kuna pia bakteria kuingia kwenye mfuko wenyewe. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ndo mbaya zaidi hapo maana zinahifadhiwa kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 24, na bakteria wanapapenda, wakati seli nyekundu zinakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 6, ingawa hata huko yupo mdudu anaitwa Yersinia anayekua kwenye baridi bila shida. Ndo maana mfuko ukishatoka kwenye friji hatukai nao, na ukishatundikwa lazima uishe ndani ya masaa 4. Hayo yote ni kweli na yana umuhimu wake, ila siyo ninachotaka kukiongelea.

Ninachotaka kukiongelea ni damu safi kabisa. Imepimwa kila kitu, grupu ni sahihi, krosimachi (kipimo cha kuona kama damu hiyo inapatana na ya mgonjwa) imekubali, haina mdudu hata mmoja, na bado ikiingia kwa mgonjwa inaweza kumfanya ashindwe kupambana na bakteria ambao tayari wapo kwenye ngozi yake mwenyewe.

Inakuwaje? Mwaka 1973 Gerhard Opelz na wenzake walionyesha kitu kilichoshangaza watu: waliopandikizwa figo ambao walikuwa wamewahi kuongezewa damu, figo zao zilidumu kuliko za wale ambao hawajawahi. Yani damu ya watu wengine ilikuwa imeipoza kinga ya mwili kiasi kwamba ikaivumilia figo ngeni. Kwa muda vituo vingine vikawa vinaongeza damu makusudi kabla ya kupandikiza. Kwa mwenye figo mpya hiyo ni habari njema. Sasa mchukue mgonjwa wangu, ambaye nimemwekea chuma kwenye paja na ninaitegemea kinga yake hiyo hiyo iwashughulikie bakteria wachache waliobaki kabla hawajajishika kwenye kile chuma, kwake habari ni tofauti kabisa.

Na hapa ndo upasuaji wa mifupa unatofautiana na wa tumbo. Bakteria akishajishika kwenye kiungo bandia anajijengea utando, na ndani ya ule utando antibaiotiki zinafika kwa shida na kinga haifiki vizuri. Idadi ya bakteria ambayo kwenye nyama ya kawaida ingeisha yenyewe, kwenye chuma inatosha kuanzisha balaa. Mgonjwa anarudi mshono unatoa maji maji, mara usaha, tunarudi thieta (chumba cha upasuaji) kuosha, ikishindikana tunang'oa kile kiungo chote, wiki na wiki za antibaiotiki, alafu tunaanza upya na mfupa uliopungua. Maambukizi ya nyonga na goti bandia yanawapata kama mtu 1 hadi 2 kwa kila 100. Ni wachache, lakini ukishamuona mmoja anavyoteseka huwezi kuandika yuniti mbili kirahisi hivyo.

Wanaotajwa kuhusika na huku kupozwa kwa kinga ni seli nyeupe za mtoa damu zinazobaki kwenye mfuko, ndo maana nchi nyingi zinachuja damu. Uingereza wanachuja damu yote tangu 1999, japo wao walianza kwa kuogopa ule ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Kuna pia suala la madini ya chuma: seli nyekundu zikikaa sana kwenye friji nyingine zinapasuka, zinaachia chuma, na bakteria wengi wanakihitaji hicho chuma ili wakue. Kimaabara inaeleweka vizuri. Ila nisiwafiche, tafiti kubwa zilizolinganisha damu mbichi na damu iliyokaa, ABLE ya 2015 na INFORM ya 2016, hazikuona tofauti ya vifo. Kwa hiyo ile stori ya "damu ya zamani ndo mbaya" tusiibebe kwa uhakika kuliko inavyostahili.

Tuje kwenye sehemu ambayo watu wa upande wangu nao wananikera. Mtu anachukua mafaili ya hospitali, anahesabu, anakuta walioongezewa damu walipata maambukizi zaidi kuliko wasioongezewa, basi anatangaza damu inasababisha maambukizi. Ngoja kwanza. Nani anaongezewa damu? Mzee, mwenye kisukari, mwenye figo mbovu, aliyevunjika vibaya, aliyekaa thieta masaa manne badala ya moja na nusu, aliyevuja mpaka damu ikajikusanya chini ya mshono, na hiyo damu iliyoganda pale chini ni chakula cha bakteria. Huyo angeweza kupata maambukizi hata asingetundikiwa chochote. Wanaolazwa ICU wanakufa wengi kuliko wanaolazwa wodi ya kawaida na hakuna anayesema kitanda cha ICU ndo kinaua. Wanasema "tumerekebisha kitakwimu", sawa, lakini huwezi kurekebisha kitu ambacho hakikuandikwa kwenye faili, na daktari aliyeamua kuongeza damu aliona kwa macho mambo mengi ambayo hakuyaandika.

Ndo maana mimi nasikiliza zaidi tafiti ambazo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwenye mifupa iliyo muhimu ni FOCUS, ilitoka 2011, wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga, Marekani na Canada, wote miaka 50 na zaidi na wote wana ugonjwa wa moyo au vihatarishi vyake, yani wale wale ambao kila mtu anaogopa kuwaacha na HB ndogo. Kundi moja waliongezewa ikishuka chini ya 10, lingine ikishuka chini ya 8 au wakiwa na dalili. Siku ya 60 wakaangalia nani kafa na nani hawezi kutembea chumbani bila msaada wa mtu: 35.2% kwa 34.7%. Hakuna tofauti. Kundi la kwanza lilitumia yuniti 1,866 na la pili 652. Zaidi ya yuniti elfu moja zimepita kwenye mishipa ya watu, na hakuna aliyetembea vizuri zaidi kwa sababu yake. Mtu akiniambia "tumpe nguvu" mimi nakumbuka hiyo namba.

Kuhusu maambukizi yenyewe, mwaka 2014 ulitoka uchambuzi kwenye jarida la tiba la JAMA uliounganisha tafiti 18 zenye wagonjwa zaidi ya 7,500: maambukizi makubwa 11.8% kwa waliobanwa damu (wanaongezewa tu HB ikishuka sana), 16.9% kwa waliopewa kwa ukarimu, na kwa wagonjwa wa mifupa tofauti ilionekana, na hata pale damu ilipochujwa bado ilionekana. Tukashangilia. Alafu uchambuzi wa Cochrane, kundi linalokusanya na kupima tafiti za tiba, wa 2021, tafiti 48, wagonjwa zaidi ya 21,000, tofauti ya maambukizi ikawa karibu imepotea. Sasa ipi ni ipi? Ile ya 2021 imechanganya wagonjwa wa kila aina, wa moyo, wa tumbo, wa saratani, na inawezekana mifupa ni kesi yake kwa sababu ya kiungo bandia. Inawezekana pia kwamba ile ya 2014 ilikuza jambo. Vitabu vinaandika "damu huongeza maambukizi" na kuweka nukta, mimi siwezi kuweka nukta hapo. Ninachoweza kukisimamia mbele ya yeyote ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyoonyesha kwamba kuongeza damu zaidi kunazuia maambukizi, na hiyo ndo sababu iliyokuwa imeandikwa kwenye lile faili.

Na hiyo HB 8.8 ya siku ya pili, mnaisomaje? Huyo mtu amepewa dripu thieta na wodini, damu yake imechanganyika na maji, na HB baada ya upasuaji wa nyonga huwa inaendelea kushuka siku mbili tatu hata kama havuji tena. Muangalieni mtu! Anahema? Mapigo yanakimbia amelala tu? Kifua kinauma? Akisimama anadondoka? Mkojo unatoka? Mshono umevimba? Mwongozo wa AABB, chama cha wataalamu wa damu cha Marekani, kwa upasuaji wa mifupa na wenye ugonjwa wa moyo unasema chini ya 8, pamoja na dalili.

Msinielewe vibaya, sipingi damu. Anayevuja mbele yako mpe, na mpe haraka, hapo mambo ya kinga ni ya baadaye. Mwenye shambulio la moyo la sasa hivi naye ni habari nyingine, utafiti wa MINT wa 2023 haukutoa jibu safi lakini ulielekea kuonyesha kuwabana damu kunaweza kuwaumiza, na mimi hao nawapa mapema zaidi. Kwa wengine wote wanaohitaji kuongezewa, yuniti moja, alafu unapima tena. Yuniti moja inapandisha HB ya mtu mzima kama 1 hivi, na kwa bibi mwenye kilo 45 inapandisha zaidi, huyo ukimpa mbili kwa haraka unaweza kumjaza maji kwenye mapafu.

Kama kweli mnataka kupunguza maambukizi na damu kwa pamoja, kazi kubwa iko kabla ya kisu. Mgonjwa wa kubadilishiwa goti anasubiri miezi, inakuwaje anaingia thieta na HB 10 na hakuna aliyemuuliza kwa nini? Mpimeni wiki kadhaa kabla, kama ni upungufu wa madini ya chuma mpeni madini hayo, mkitafuta pia anavuja wapi. Aliyevunjika nyonga hatuwezi kumsubirisha, ila asidi ya traneksamiki gramu moja kwenye mshipa kabla ya kuchana tunaweza, dawa ya kupunguza uvujaji iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe miaka ya 1960, na kwenye nyonga na magoti inapunguza sana wanaohitaji kuongezewa. Antibaiotiki ndani ya saa moja kabla ya kisu. Mgonjwa asipigwe baridi mezani, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Sukari iangaliwe. Na uvujaji uzuiwe mshipa kwa mshipa kabla ya kufunga, hata kama timu imechoka na mgonjwa anayefuata yuko mlangoni.

Yule wa HB 8.8 tulimfutia zile yuniti mbili na akapimwa tena kesho yake, ilikuwa 8.5, na alikuwa ameshatembea mpaka chooni na gongo.