Kabla hujapaka rangi behewa, hesabu vyumba vyake

Watu wakinitumia picha ya modeli yao ya kwanza ya behewa la treni swali huwa ni la rangi tu. Hii maruni imekaa sawa? Mstari wa njano unapita wapi? Na mimi kila mara nawarudisha nyuma, nawaambia rangi iache kwanza, niambie hilo behewa ni la daraja gani na lina vyumba vingapi, maana behewa la Kiingereza la zamani ukilitazama ubavuni tu unajua nani alikuwa anakaa wapi, na ukikosea hapo hata ulipake likawaka vipi, bado umetengeneza behewa ambalo halijawahi kuwepo duniani.

Mi naunda modeli za mabehewa ya abiria ya Uingereza, skeli ya OO, injini sigusi, zina watu wake. Skeli ya OO maana yake futi moja ya behewa la kweli unaifanya milimita 4, yaani futi na milimita kwenye hesabu moja, siku ya kwanza inachanganya lakini ukizoea ni rahisi kuliko kukaa unagawanya kwa 76. Reli zake zina upana wa milimita 16.5 na hapo kuna kasoro ambayo wote tunaijua: reli ya kweli ni milimita 1435, ukiipunguza sawasawa inatakiwa itoke 18.83. Ni mambo ya zamani, treni za Uingereza ni ndogo kwa upana na kimo kuliko za Ulaya bara kwa sababu madaraja na mahandaki yao yalichimbwa mapema yakiwa madogo, sasa mota za umeme za enzi zile zilikuwa haziingii ndani ya injini ya Kiingereza ya skeli ya HO, ile ndogo kidogo ya Ulaya bara, wakaamua kuikuza bodi, reli wakaiacha vilevile. Wapo waliokataa kabisa wakahamia P4, wanatandika reli ya 18.83 kwa mikono yao, nawaheshimu sana.

Haya, turudi kwenye vyumba. Chukua Mark 1, behewa ambalo British Railways, shirika la reli la taifa, walianza kulitoa 1951, ndo modeli rahisi kupata kuliko zote. Bodi ina futi 64 na nusu, mezani kwako ni milimita 258. Sasa angalia, kwa urefu huohuo mmoja, behewa la korido, yaani lenye njia ya kupita ubavuni mwa vyumba, la daraja la kwanza lina vyumba 7 na la daraja la pili lina vyumba 8. Chumba kimoja kimebanwa hapo katikati! Kwenye modeli tofauti ya upana wa chumba hadi chumba ni kama milimita 3 hivi, ndogo, lakini jicho linaiona kwa sababu madirisha yanafuata vyumba, la kwanza madirisha yamepumua, la pili yamesogeleana. Ndani, chumba cha kwanza wanakaa watu 6, watatu watatu wanatazamana, cha pili viegemeo vya mikono vikikunjwa juu wanaingia 8. Halafu kuna behewa mchanganyiko, vyumba 4 vya kwanza na 3 vya pili kwenye bodi moja, na hilo ndo nalipenda kuliko yote maana unaona matabaka mawili ya watu yamepangwa ubavuni kwa milimita. Na usisahau kwamba upande wa korido madirisha yake hayafanani na upande wa vyumba, kuna watu wanabandika ubavu mmoja mara mbili.

Ndo maana siyapendi yale mabehewa mafupi ya seti za zamani za watoto. Yalifupishwa ili yapite kona, kona ya kawaida ya seti ina radiasi ya milimita 438 na behewa refu likipita pale linatoa kitako nje, sawa, naelewa, ila ukifupisha behewa huwezi kufupisha binadamu, kwa hiyo kinachoondoka ni chumba. Siku hizi kuna kiungio chenye mkono unaojisogeza, kwenye mstari ulionyooka mabehewa yanabanana na kwenye kona yanaachiana yenyewe, hakuna tena sababu ya kukata.

Mtu ataniuliza mbona kwenye mabehewa ya miaka ya 1930 kuna la kwanza na la tatu, la pili liko wapi? Hii hadithi ni muhimu kwa muundaji. Mwanzoni daraja la tatu lilikuwa mateso kwelikweli, watu walisafirishwa kwenye mabehewa ya wazi kama mzigo. Tarehe 24 Desemba 1841 pale Sonning treni ya Great Western iligonga udongo ulioporomoka relini, abiria wa daraja la tatu wakarushwa nje, wakafa tisa, wengi wao mafundi waliokuwa wanajenga Bunge jipya London wakirudi makwao Krismasi. Mwaka 1844 ikaja sheria kwamba abiria wa tatu wawekewe paa na kuta, na kuwe na angalau treni moja kwa siku kwa nauli ya peni moja kwa maili. Halafu 1875 kampuni ya Midland ikafuta daraja la pili, ikaboresha la tatu, na taratibu wengine wakafuata, kwa hiyo kwa miongo mingi yakabaki 1 na 3 bila 2 katikati, mpaka 1956 ambapo la tatu lilibadilishwa jina tu likaitwa la pili. Kwa hiyo ile namba ndogo ya daraja inayoandikwa mlangoni ni kama tarehe ya behewa. Behewa la LNER (kampuni ya reli ya London and North Eastern) la safari ndefu la miaka ya 1930 ukiliandika 2 mlangoni umeharibu kazi yote.

Kabla sijaendelea, neno moja. Kwetu watu wengi wakisema mabogi wanamaanisha mabehewa yenyewe, mi hapa nikisema bogi namaanisha kile kigari cha magurudumu manne kinachokaa chini ya behewa na kuzunguka kwenye kona, behewa linavyo viwili. Magurudumu yenyewe kwenye OO yana kipenyo cha milimita 14. Kama behewa lako ni la karne ya 19 mwishoni tafuta magurudumu ya Mansell, yale ya diski ya mbao, vipande 16 vya mtiki vimepangwa kama vipande vya chungwa kati ya kitovu na tairi la chuma. Yalipendwa kwa sababu yalikuwa kimya na tairi lilishikwa na pete pande zote mbili, likipasuka halichomoki. Mwaka 1874, tena tarehe 24 Desemba, pale Shipton-on-Cherwell tairi la behewa dogo la zamani lilivunjika treni ikaanguka wakafa watu 34, tangu hapo ikawa vigumu kutetea magurudumu ambayo tairi lake halikushikwa namna ya Mansell. Ukiweka magurudumu ya spoku mahali pa Mansell umepoteza hiyo habari yote.

Na mtiki huohuo ndo ulifanya mabehewa ya Great Northern, na baadaye LNER chini ya mhandisi wao Nigel Gresley, yawe mazuri kuliko yote kwa macho yangu. Hayakupakwa rangi, yalipigwa vanishi mbao ikaonekana. Kwenye plastiki au brasi inabidi uigize hiyo mbao na hapa nitaeleza polepole. Napiga praima, kisha rangi ya msingi ya manjano ya mchanga, inakauka siku nzima. Halafu nachukua rangi ya mafuta ya kahawia, tone kama punje ya mtama, naichovya brashi bapa kisha naifuta kwenye kitambaa mpaka unadhani haina kitu tena, hapo ndo navuta, mvuto mmoja bila kurudia, nywele za brashi zinaacha mistari yenyewe kama nyuzi za mbao. Kila paneli navuta peke yake, moja naizidishia giza, ya jirani naiacha ing'ae, maana behewa la kweli halikutoka kwenye gogo moja. Nikivuta ubavu wote kwa mkupuo unatoka kama meza ya plastiki ya hotelini. Mwisho vanishi, nyembamba, mara mbili.

Ubavu wa brasi una shida yake nyingine, haukunjwi tu, sehemu ya chini ya behewa inaingia ndani kidogo kama tumbo la jahazi. Umbo hilo lilirithiwa kutoka magari ya farasi na lilisaidia vitasa vya milango visitokeze nje ya nafasi ambayo treni inaruhusiwa kupita. Nalaza bamba juu ya pedi laini ya mausi, nalibingirisha kwa chuma cha duara nikiongeza nguvu kidogokidogo, napima kwa kipande cha kadi nilichokikata kufuata mchoro wa ncha ya behewa. Ukiwahi kulazimisha linavunjika kwenye madirisha na halirudi.

Madirisha ya kioo nabandika kwa gundi nyeupe tu. Niliwahi kumaliza behewa zima la vyumba 7, kioo kimoja kikachomoka nikakirudisha kwa supaglu nikafunika paa nikalala, asubuhi ule mvuke umepaka ukungu mweupe kwenye kila dirisha, nikalifumua lote. Wiki nzima ilipotea na iliniuma. Uzito pia usiusahau, gramu 25 kwa kila ekseli, behewa la bogi mbili lifike 100 hivi, uweke chini sakafuni karibu na bogi.

Ukiwa Nairobi pita Makumbusho ya Reli, lipo behewa ambalo Ryall, ofisa wa polisi, alitolewa na simba pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Ni la reli ya mita moja, sio kipimo hiki, ila vipimo vya chumba cha mbao vinaeleweka ukivitazama kwa ukaribu kuliko mchoro wowote.

Paa huwa silibandiki. Natia sumaku nne ndogo kwenye kona linafunguka. Mzee mmoja nilimtengenezea behewa mchanganyiko la Mark 1, siku aliyokuja kulichukua hakutazama rangi kwanza, alifunua paa akashika kalamu akahesabu kwa ncha yake, vyumba vinne, akavuka ukuta, vitatu, akafunika, ndo akalinyanyua kwenye mwanga.